Tulizaliwa Watano

Maneno haya niliyasema mbele ya familia zilizokusanyika katika ukumbi wa parokia huko Katuba, Lubumbashi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeacha salamu za mtu mmoja mmoja tu.

Jambo yenu wote. Wazee wetu, mama zetu, baba zetu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: asanteni kwa kuja.

Nkambo yangu, yule aliyemzaa mama, hakujua kusoma, lakini hesabu aliijua vizuri. Aliuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, miaka mingi na hakuna mteja aliyewahi kumpunja. Sasa, mtu akimuuliza kwao walizaliwa wangapi, alijibu: "Tulizaliwa watano." Sisi wajukuu tuliwajua wanne. Kulikuwa na dada mkubwa aliyebaki kijijini upande wa Sakania, kaka aliyefia Likasi, yeye mwenyewe, na kitinda mimba aliyekuwa katekista. Tulimwambia, "Nkambo, hao ni wanne." Aliinua mkono, akatuonyesha vidole vyote vitano, kisha akarudi kuchuja munkoyo wake.

Mwezi wa tisa mwaka wa 1970 nilikuwa na miaka kumi. Redio ilitangaza kwamba huko Mufulira, Zambia, matope yalibomoka usiku yakaingia mgodini, na wachimbaji 89 walikufa. Nkambo aliweka chujio chini, akasogea karibu na redio, akasema: "Wasome majina." Redio haikusoma majina. Alikaa pale mpaka muziki ulipoanza, na hata muziki ulipoanza hakuondoka. Mimi nilidhani anawasikitikia watu wa mbali. Alifariki mwaka wa 1984, na hadi siku tunamzika, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameketi chini na kumuuliza: huyo wa tano ni nani?

Nilikuja kuambiwa na mama yangu, naye akiwa tayari mzee. Wa tano alikuwa msichana, aliyemfuata nkambo mgongo. Alikuja mjini kumsaidia dada yake kulea, wakati mji huu bado unaitwa Élisabethville, na hapo katika kambi ya wafanyakazi akaolewa na kijana wa kazi wa viyeyushio vya shaba. Kijana huyo alitoka ng'ambo, Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo.

Hapa ninaomba vijana wanisikilize vizuri. Reli iliyofika hapa mwaka wa 1910 ilitoka kusini, ikapitia Ndola na Sakania. Viyeyushio vya Lubumbashi vilianza kutoa shaba mwaka wa 1911, na kampuni ya shaba, Union Minière, haikupata watu wa kutosha hapa karibu. Kwa hiyo mawakala wa Robert Williams waliandikisha vijana huko Rhodesia, maelfu kwa maelfu, wakaletwa hapa. Walioa dada zetu, wakazaa. Halafu shida ya uchumi wa dunia ikaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei ya shaba ilianguka, kampuni ikapunguza watu, na wa kwanza kurudishwa walikuwa hao wa kutoka ng'ambo. Wakati huohuo migodi ilikuwa inafunguliwa upande wao: Luanshya, Nkana, Mufulira. Mwanamume alipopandishwa treni, mke wake naye alipanda. Ndiyo sababu leo, kutoka Chililabombwe mpaka Ndola, kuna nyumba ambazo nkambo wao wa kike alitoka kwetu, nasi hatuwajui.

Ninasema wa kike makusudi. Mambo yote niliyokuja kuyasema leo yamo katika neno hilo.

Nilipostaafu ualimu nilianza kutafuta, na nilianza vibaya. Nilianza na karatasi. Mimi ni mwalimu, niliamini kwamba kilichoandikwa ndicho kinachodumu. Nilikuwa na jina la yule mume, nikaenda nalo ofisi hadi ofisi. Katika ofisi moja karani aliniambia nirudi wiki ijayo, na wiki ijayo hiyo ilichukua mwaka mzima na pesa nyingi za usafiri. Mahali pengine nilifunguliwa sanduku la kadi za wafanyakazi wa zamani, nikakuta wanaume kumi na moja wenye jina lile lile. Kila kadi ilikuwa na namba ya kazi, jina la baba, jina la chifu. Mke alihesabiwa tu, ili kampuni ijue posho ya kutoa. "Mke: 1." Nilisoma hayo maneno nikaona giza. Nkambo wangu mdogo aliingia katika historia ya mji huu kama namba moja, bila jina.

Na majina yenyewe ni mtihani. Wabelgiji waliandika kwa masikio yao, Waingereza kwa masikio yao. Chanda wa kule aliandikwa hapa Tshanda. Mwansa akawa Muansa. Hata chakula kilipata shida hiyo, sisi tunasema kikanda, wao wanasema chikanda, na ni kiazi kilekile cha porini kilichopondwa na karanga. Ukiongeza mabadiliko ya serikali unapotea kabisa. Rhodesia ya Kaskazini imekuwa Zambia tangu Oktoba 1964. Élisabethville na Jadotville zilipata majina ya Lubumbashi na Likasi mwaka wa 1966. Mwanzoni mwa 1972 serikali ya Mobutu iliagiza watu waache majina ya ubatizo, kwa hiyo mjomba aliyejulikana kote ng'ambo kwa jina la mtakatifu fulani akawa, kwenye kitambulisho chake hapa, mtu mwingine. Anayetafuta kutoka Zambia akiuliza jina la zamani anajibiwa: hatumjui.

Mtoto wa dada yangu anayeishi Brussels alinisaidia kwa njia yake. Alinieleza kwamba sehemu ya kumbukumbu za Union Minière iko kule, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji, na akajaribu kuuliza. Halafu akapima asili ya damu yake, kile kipimo cha DNA cha kutema mate kwenye kichupa. Majibu yalimletea orodha ya jamaa wa mbali sana, karibu wote Wamarekani weusi, wajukuu wa watu waliouzwa utumwani. Tulikaa kimya kwenye simu, yeye kule na mimi hapa. Hao nao ni watu wa mtu aliyewahesabu, akakosa mmoja. Lakini kwa mtu wa Mufulira kipimo hakikusaidia, kwa sababu watu wa Mufulira hawajapimwa, na kipimo hukulinganisha na wale tu waliopimwa.

Kitu cha kwanza kilichonifungulia njia ni daftari la ubatizo. Wasalesiani, wamisionari wa Kikatoliki, wako katika nchi hii ya Katanga tangu 1911, na padri mmoja, Mungu ambariki, alikubali niketi na daftari lake mchana kutwa. Nikawakuta wawili, nkambo na mdogo wake, wamebatizwa siku moja. Pembeni ya jina la mdogo palikuwa na mstari wa wino mwembamba kwamba amefunga ndoa. Na chini ya jina la baba, padri wa wakati ule alikuwa ameandika jina la mama. Nilikuwa nimetafuta miaka mitatu na sikuwa nimewahi kumuuliza mtu yeyote jina la mama wa nkambo. Nililiandika kwenye kiganja changu, kwa kuogopa karatasi nitaipoteza.

Lakini aliyenifikisha ni mwanamke wa soko.

Nilikuwa Kasumbalesa, kilomita karibu tisini kutoka hapa, nimekaa kwenye benchi la mama mmoja wa Zambia anayeuza karanga. Nilimsimulia habari yangu kama ninavyoisimulia kila mahali: jina la mume, jina la kampuni, mwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu. "Wewe ni mukowa gani?"

Wale wa hapa ambao si Walamba wala Wabemba wala Waaushi, niwaeleze. Mukowa ni ukoo, na kwetu ukoo hupitia kwa mama. Baba yako anakupa heshima na chakula, lakini aliyekupa mukowa ni mama, naye alipewa na mama yake, hivyo hivyo mpaka mwanzo. Nikamjibu kwamba mimi ni Mwina Mbushi, mtu wa mbuzi. Yule mama akapiga makofi, akacheka mpaka watu wakageuka. "Mimi Mwina Ngo!" Yaani mtu wa chui. "Leo chakula changu kimejileta chenyewe!"

Wazee mnatabasamu, mnaijua hiyo. Chui na mbuzi ni banungwe. Wanatukanana hadharani bila kukasirika, wananyang'anyana vitu, na siku ya msiba anayekuja kukuzika ni mnungwe wako. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho miaka yote ya ofisi haikunifundisha. Watu wa chui wanajua makaburi ya watu wa mbuzi, kwa sababu wao ndio waliyachimba. Nilikuwa nimeuliza makarani wa nchi mbili, na kumbe kumbukumbu zangu zilikuwa zimetunzwa na wale walio na wajibu wa kutuzika.

Yule mama alikuwa na shangazi mzee huko Mufulira, mtaa wa Kantanshi. Alimtumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, palepale, karanga zikiwa mapajani. Baada ya siku tisa jibu lilikuja. Shangazi alikumbuka bibi mmoja, Mwina Mbushi, ambaye watu walimwita mama wa Kongo, alizikwa mwaka wa 1991. Lakini hakutoa jina la familia. Shangazi wa chui alikuwa na akili. Aliagiza hivi: "Kabla sijasema zaidi, mwulizeni huyo mwalimu, kwa nkambo wake walizaliwa wangapi?"

Nikajibu: "Watano."

Jibu likarudi siku hiyohiyo, sauti ya mwanamke nisiyemjua, kwa Kibemba cha mjini cha kule, akiwataja mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Dada mkubwa wa kijijini. Kaka. Nkambo wangu, kwa jina lake la nyumbani ambalo hata padri hakuwa nalo. Yeye mwenyewe. Katekista. Nilisikiliza ujumbe ule nimesimama uani, nikaufungua tena, na tena. Mama yangu alikuwa ndani, amelala. Nilimwamsha.

Nataka kusema pia habari ya siku ya kufika, maana watu wengi wanafikiri kukutana na ndugu ni kukumbatiana na kupiga picha. Tulienda mimi na mdogo wangu wa kiume, kupitia Chililabombwe, Chingola na Kitwe. Tulibeba vitenge na sukari. Hakuna aliyetusalimia. Tulipoingia uani wanawake walianza kulia, nasi tukaketi chini tukalia nao. Walitupeleka nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba tulilia msiba wa mtu aliyekufa tusipokuwepo. Ilichukua siku mbili. Usiende kwa ndugu waliopotea ukitaka kuanza na furaha. Misiba ya miaka sitini hukusanyika, nayo ina haki ya kutangulia.

Jioni ya pili mzee mmoja, mtoto wa kiume wa mwisho wa yule nkambo wetu mdogo, alizungumza. Hakupaza sauti. Alisema: "Mama yangu alikufa akiuliza kama treni ya kutoka kwenu inafika leo. Mlikuwa wapi?" Mdogo wangu alianza kueleza. Alitaja vita vya 1960, Katanga kujitenga mpaka 1963, mipaka kufungwa, pesa kupoteza thamani. Yote ni kweli. Nilimshika mkono anyamaze. Kutoka Lubumbashi mpaka Mufulira ni safari ya siku moja. Nilipiga magoti nikasema: "Tumekosa, baba." Alituamuru tutoe kuku, tukatoa, tukala pamoja naye, na neno hilo halikutajwa tena.

Nawaonya jambo lingine lililotokea hapo. Kijana mmoja alituuliza kwa adabu kama tumekuja kwa ajili ya kiwanja. Kuna kiwanja kweli, nyumba ya kampuni waliyoinunua zamani. Hatukukasirika. Mtu anayetokea baada ya miongo mingi na daftari mkononi anatisha. Safari ya kwanza msiulize mali wala msiahidi mali. Na kalamu iache mfukoni mpaka mwenyeji mwenyewe aseme, andika.

Usiku ule ndipo nilipoletwa mbele ya mwanamke aliyetuma sauti. Ana miaka arobaini na minne, ni muuguzi. Mimi nina sitini na sita. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wazee walikuwa wamemwachia nafasi ya katikati. Kwetu mtu akifa jina lake haliachwi chini. Ukoo humchagua mtu wa kumrithi, akakalishwa, akapewa jina na nafasi yake, na kuanzia hapo yeye ndiye yule. Watoto wa marehemu ni watoto wake, wajukuu wa marehemu ni wajukuu wake. Nkambo yetu mdogo alipokufa mwaka wa 1991, jina lake alipewa binti wa binti yake, akiwa bado mtoto mdogo. Kwa hiyo mwanamke yule aliponiona aliniita: "Mjukuu wangu." Akauliza: "Dada yangu alinisema?"

Mimi si mtu wa kukosa maneno. Nilifundisha miaka thelathini na nane. Nilichoweza kufanya ni kuinua mkono na kumwonyesha vidole vitano.

Ninajua katika ukumbi huu njia zenu si moja. Wapo wajukuu wa Bunkeya, watu wa mfalme Msiri, ambao wazee wao walitoka kwa Wasumbwa wa magharibi ya Tanzania kabla Msiri hajauawa mwezi wa Desemba 1891, na majina yao bado yana harufu ya kule. Wapo ambao baba zao, askari wa Katanga, walivuka kwenda Angola baada ya 1963 na hawakurudi, au walirudi na bunduki katika vita vya 1977 na 1978 wakaondoka tena. Nimekaa na mzee mmoja wa sinagogi letu hapa mjini, wazazi wake walitoka kisiwa cha Rhodes. Jamaa waliobaki kisiwani walichukuliwa mwezi wa Julai 1944 wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Yeye ndugu wa kutafuta ni wachache, na bado anawatafuta, Cape Town, Brussels, kila mahali. Kila mmoja ana ramani yake. Wengine wenu kwenu ukoo hupitia kwa baba, na sitawaambia mwache desturi yenu.

Lakini hata ninyi, mwulizeni mama. Karatasi za enzi zile ziliandikwa kwa ajili ya kodi na kazi, na kodi na kazi vilikuwa vya mwanamume. Mwanamke aliyeondoka na treni hakuandikwa popote ila kanisani na midomoni mwa wanawake wenzake. Wataalamu wa damu wenyewe wanasema ndani ya chembe zetu kuna kitu kinaitwa mitokondria, ambacho mtoto hupewa na mama peke yake. Mtoto wa dada yangu aliponieleza hayo nilimwambia, hiyo mwanangu tunaiita mukowa.

Kwa hiyo leo jioni, kabla umeme haujakatika, kaeni na mzee wa kike aliyebaki nyumbani kwenu. Msimuulize historia, atasema haijui. Mwulizeni mama yake alizaliwa na nani, na kwao walikuwa wangapi, na kila mmoja alizikwa wapi. Akitaja mtu msiyemjua, msimsahihishe kama sisi tulivyomsahihisha nkambo. Msimwambie ni wanne.

Kule Mufulira tuliandika watu sitini na mmoja wanaotoka kwa yule msichana aliyekuja mjini kulea. Wanne wamekuja hapa wiki hii kuona kaburi la dada yake. Tulikwenda asubuhi. Tulifagia, tukamwaga munkoyo kidogo, na aliyemwaga ni yule aliye na haki ya kumwita marehemu dada.

Yuko hapa, kiti cha pili kutoka dirishani, amevaa kitenge cha bluu. Kiswahili chetu hakijui vizuri, mtamsamehe.

Nkambo, simama watu wakuone.